Ngozi Haikuletwa

Kadi ilikaa ndani ya kitabu cha sala, kwenye ukurasa wa litania, na kila jioni Selestini Bundala alipomaliza rozari aliigusa kwa kidole, kisha akafunga kitabu na kulala kwa amani. Hakuwahi kuitumia hata mara moja. Siku alipopewa, mashine ya kuitumia ilikuwa Mwanza tu, na watu wa Bariadi waliambiwa wasubiri. Walisubiri. Mashine ilipokuja hatimaye na kupachikwa kwenye ukuta wa benki, Selestini alikwenda kuitazama siku ya gulio, akasimama ng'ambo ya barabara, akaona jinsi watu wanavyoikumbatia wasionekane wanabonyeza nini, akarudi zake Somanda. Hakuwa na haja nayo. Pesa zake zilikuwa zimetunzwa mahali pema, nazo zilikuwa na kazi moja tu.

Kazi hiyo ilikuwa Flora.

Flora alikuwa binti yake wa pekee, mtoto wa darasa la nne, mwenye meno makubwa ya mbele na mdomo usiochoka. Ndiye aliyekuwa akijua mchele umebaki kiasi gani, jembe liko kwa jirani yupi, na padre atakuja lini kigangoni. Majirani wote wa Somanda walimwita Flora wa Selestini. Lakini kwa mila hakuwa wa Selestini. Mama yake, Nyanjige, alianza kuishi na Selestini kabla ng'ombe hawajatolewa, kama walivyofanya vijana wengi waliokuwa na kazi kiwandani, wakisema mahari itafuata. Haikufuata. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya ng'ombe ni wa kwao mama, baba amlee asimlee.

Nyanjige alipofariki kwa homa, baba yake, mzee Ndaki wa Mkula, alisimama baada ya mazishi akawaambia watu kwamba anamchukua mjukuu wake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema anachukua koti lake aliloliacha mahali. Selestini, ambaye udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyake, alipiga magoti mbele ya watu. Katekista Yakobo akaingia kati, akawavuta pembeni, wakazungumza mpaka jua likapita utosini. Mwisho wakapatana hivi: Selestini amgomboe mtoto kwa ng'ombe wanne, misimu miwili ya pamba ikishapita, na Flora abaki na jina la Bundala daima. Ndaki alikubali, akaondoka, na tangu siku hiyo hakutuma mtu kuuliza. Alikuwa mzee wa namna hiyo. Akishapatana jambo, halisemi tena mpaka siku yake ifike.

Selestini naye alikubali haraka, kwa sababu moyoni alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua. Ng'ombe wanne alikuwa nao tayari. Walikuwa benki.

Hao walitokana na kiinua mgongo. Kwa miaka mingi Selestini alikuwa mfunga marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba, enzi kiwanda kikiwa cha umma. Soko huria lilipokuja, kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, mtu binafsi akaleta mashine yake ya kufunga marobota na watu wake wa kuiendesha, na akina Selestini wakaitwa uani wakapewa mkono wa kwaheri. Afisa wa benki alikuwa ameweka meza chini ya kivuli cha ghala. Kila mtu alitakiwa kufungua akaunti ndipo alipwe, na kila mtu aliulizwa anataka kitabu au kadi.

Selestini aliuliza tofauti yake. Afisa akamweleza kwamba kitabu kinaandikwa kila kilichoingia na kila kilichobaki, bali kadi haiandikwi kitu ila jina la mwenyewe. Selestini akafikiri juu ya ndugu zake wa Sola, watu wema lakini wenye shida zisizokwisha, ambao wangekifungua hicho kitabu siku ya kwanza akienda kuoga. Akachagua kadi. Afisa akaongeza kwamba kadi ina ada ndogo ya mwaka. Selestini akaitikia kwa kichwa. Jambo hilo alilielewa vizuri kabisa, au alidhani amelielewa.

Kwao Sola, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye zizi lake. Baba yake, mzee Bundala, alikuwa na ng'ombe saba nyumbani na wengine wengi kwa marafiki, vijiji mbalimbali, ili ugonjwa usiwamalize kwa siku moja na wenye husuda wasijue idadi yao. Anayetunza anakunywa maziwa na kuchukua samadi kwa shamba lake. Hiyo ndiyo haki yake. Ng'ombe wanabaki wa mwenyewe, na ndama pia. Na mwenye ng'ombe mwenye adabu haendi kuchungulia. Kumwendea mtunzaji kila mara kuhesabu ni kumwambia, wewe ni mwizi. Unakaa kimya. Ng'ombe akifa, mtunzaji mwenyewe atabeba ngozi, atakuja nayo hata kama ni mwendo wa siku nzima, ataitandika mbele yako na kusema, ndugu yangu, huyu ametutoka. Utaiona ngozi, utaijua kwa madoa yake, na moyo utapoa. Ngozi isipoletwa, ng'ombe yu hai.

Basi Selestini aliposikia ada ya mwaka, akajisemea kwamba hayo ndiyo maziwa. Wakinywa, ni haki yao, wametunza. Maziwa hayapunguzi ng'ombe. Na kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, hakwenda kuuliza hata siku moja.

Alipopatana na Ndaki, alitaka zaidi ya hapo. Alitaka wale wanne wa Ndaki watoke kwenye pamba, ili wale wa benki wabaki kwa ajili ya shule ya Flora. Alikodi ekari tatu, akalima na mtoto. Msimu wa kwanza wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja na mzani wake barabarani, na bei ikawa nzuri asubuhi na mbaya jioni. Selestini alifika jioni. Msimu wa pili wanunuzi walichukua pamba kwa karatasi, wakaahidi kulipa, wakalipa nusu. Hakukasirika sana. Aliona kwamba Mungu ameamua shule ya Flora ipate njia nyingine, na wale wa benki waende Mkula.

Ijumaa, siku moja kabla ya siku ya Ndaki, alivaa shati la kanisani, akachukua kadi, akaenda mjini. Mpango wake ulikuwa achukue pesa mchana, kesho yake alfajiri awahi mnadani, na Ndaki akifika kwa basi la asubuhi awakute ng'ombe nyumbani wamefungwa. Flora alikuwa amejenga zizi dogo la miiba nyuma ya nyumba, akalifagia kama sebule, ingawa baba yake alimwambia ng'ombe hawatalala hapo hata usiku mmoja.

Hakwenda kwenye mashine. Aliingia ndani, akapanga foleni, akafika kwa dada wa dirishani aliyekuwa amevaa hijabu ya bluu na kibati cha jina kifuani, Naila. Selestini akamwamkia, akampa kadi kwa mikono miwili, akasema anataka zote.

Naila akaitazama kadi mbele na nyuma. Akasema kadi hiyo ilikwisha muda wake zamani, na kwamba kadi mpya ilishatengenezwa, ipo kabatini hapo benki toka mwaka juzi, inamngoja. Selestini akasema hakujua kama ameomba kadi mpya. Naila akasema haiombwi, inakuja yenyewe, na gharama yake imeshakatwa. Kisha akabonyeza vitufe, akaandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma chini ya kioo.

Selestini alisoma polepole, kama alivyozoea kusoma kila kitu. Akafikiri dada amesahau tarakimu. Akamwomba aangalie tena. Naila akaangalia tena, na tarakimu hazikuongezeka. Zilitosha ng'ombe wawili, na mmoja wao angekuwa amekonda.

Kwa kweli yule dada hakuwa na kiburi. Alimweleza kwa utulivu, akipunguza sauti ili foleni isisikie. Kuna ada ya kadi kila mwaka, ambayo ilipanda. Kuna ada ya kuendesha akaunti kila mwezi. Na kwa kuwa akaunti ilikaa muda mrefu bila kuingizwa wala kutolewa kitu, ikahesabiwa imelala, na akaunti iliyolala ina ada yake, nayo ndiyo kubwa kuliko zote.

"Inatozwa kwa sababu sikuigusa," Selestini akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kama ningekuwa nachukuachukua?"

"Isingelala."

Selestini akashika ukingo wa dirisha. Aliwaona ng'ombe wake mmoja mmoja wakianguka, mahali asipopajua, mikononi mwa watu wasiokuja kumwambia.

"Ngozi ziko wapi?" akauliza.

"Ngozi gani, mzee?"

"Za hao wawili waliokufa."

Nyuma yake mtu akacheka. Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, hakucheka. Akasogea kidogo akamwambia Naila, "Anauliza kwa nini hamkumpa habari."

Naila akasema tangazo lilibandikwa mlangoni, likakaa mwezi mzima.

"Mlangoni kwenu," Selestini akasema.

"Hapo hapo mlangoni, mzee. Ungekuwa unakuja hata kuuliza salio."

"Ningekuja kuuliza, mngesema siwaamini."

Dada akainuka, akaingia ofisi ya nyuma. Selestini akaanza kusali kimya, Salamu Maria baada ya Salamu Maria, macho yake kwenye ule mlango. Naila aliporudi, alirudi bila kumtazama usoni. Ada zikishakatwa hazirudishwi. Kama anataka kufunga akaunti, inawezekana leo hii. Kufunga nako kuna ada.

Akafunga.

Duka la Mashaka liko njiani, mkabala na kisima, na kwa miaka Mashaka alikuwa amejipa kazi ya kumtania Selestini juu ya ile kadi. Alimwita tajiri mbele ya wateja. Siku hiyo alimwona akija akaanza hata kabla hajafika kwenye kibaraza. "Tajiri, karibu. Leo unalipa ile sukari, au tungoje mpaka benki ihamie kwako?"

Selestini akakaa kwenye gunia la chumvi. Mashaka akamtazama, akamwambia mteja wake asubiri, akamletea kikombe cha maji.

Alisimulia kwa maneno machache. Mashaka, aliyekuwa na akaunti kwenye benki ile ile na hachezi mbali nayo hata wiki, alijua mambo hayo yote. Akasema hata mashine, ukiiuliza tu una kiasi gani, inakutoza kwa kuuliza. Alisema hivyo kwa mazoea yake ya utani, kisha akaona hapakuwa na mahali pa utani.

"Ungeniuliza mimi, kaka," akasema.

"Ningekuuliza nini? Nilikuwa najua."

Mashaka akafungua droo, akaifunga. Akasema alichonacho ni pesa ya mzigo wa Jumatatu, na mzigo wenyewe si wake, ni wa mfanyabiashara wa Mwanza. Angeweza kumpa kiasi cha mbuzi. Ng'ombe wawili hana, na mtu wa kumkopesha ng'ombe wawili kwa siku moja hamjui, labda wale wanaomkopesha mtu wakachukua nyumba. Selestini akashukuru, akasema mbuzi hamgomboi mtoto. Alipoinuka, Mashaka akamshika bega, akamwambia amweleze mzee Ndaki ukweli wote, kwa sababu mzee wa ng'ombe atayaelewa mambo ya ng'ombe kuliko mtu yeyote wa mjini.

Hilo ndilo tumaini pekee alilotoka nalo siku ile, na alilibeba kwa uangalifu mpaka kanisani.

Katekista Yakobo alikuwa akifundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Alipowaruhusu waende, yeye na Selestini walipiga magoti mbele ya altare ndogo ya matofali. Yakobo alisali kwa sauti, akaomba Bwana alainishe moyo wa mzee Ndaki kama alivyopasua maji mbele ya watu wake. Selestini alisali kimya. Alitaka kuomba ng'ombe wawili lakini akaogopa, kwa sababu hakujua wangetoka wapi bila kumtoka mtu mwingine. Akajikuta anaomba basi la Mkula liharibike njiani. Akaona aibu, akaliondoa ombi hilo, akamwambia Mungu asilisikilize. Kisha hakuwa na ombi. Alibaki amepiga magoti, mikono imefumbatwa, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alichotumwa.

Walipotoka, Yakobo akasema atakuja asubuhi, na kwamba watamwomba mzee msimu mmoja zaidi.

Basi halikuharibika. Mzee Ndaki alifika mapema, amevaa koti zito la kijivu na kushika fimbo, hakupitia mlangoni. Alizunguka nyuma ya nyumba kwanza. Selestini alimkuta amesimama kwenye zizi la miiba, anatazama ardhi iliyofagiwa.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wana Bundala. Mhola?"

"Mhola."

Salamu zikaendelea kama ipasavyo, habari za mvua, za nyumba, za mifugo, na wote wawili wakajibu kwamba ni njema. Flora akaja na maji, akapiga magoti, akamwamkia babu yake kwa Kisukuma, na mzee akaweka kiganja juu ya kichwa chake muda mrefu kidogo kuliko salamu inavyotaka. Kisha mtoto akarudi jikoni. Yakobo alikuwa ameshafika. Wakakaa watatu kwenye vigoda.

Selestini alisema yote. Hakuficha kitu wala hakujitetea. Alianza na meza chini ya kivuli cha ghala, akaja mpaka dirisha la Naila, na kadiri alivyosema aliona uso wa mzee unavyofuata kila hatua, jinsi mzee alivyotingisha kichwa kwenye habari ya maziwa, jinsi alivyokunja uso kwenye habari ya tangazo. Mashaka alisema kweli. Mzee alielewa.

"Huyo uliyempa ng'ombe wako," Ndaki akauliza, "unajua kwao?"

"Ni benki, baba."

"Nimesikia. Unajua kwao? Unamjua baba yake? Uliwahi kula kwake?"

"Hapana."

"Ukampa."

"Nilimpa."

Ndaki akakwaruza ardhi kwa ncha ya fimbo. Akasema hana ugomvi na Selestini. Alifanya kama baba yake alivyokuwa akifanya, na angefanya vile vile yeye Ndaki, ila yeye angempa mtu. Akasema pia kwamba kutokwenda kuchungulia ni adabu, na hajaona mtu kuadhibiwa kwa adabu kabla ya leo. Selestini aliyasikia maneno hayo na moyo wake ukaanza kuinuka. Akatoa pesa mfukoni, zimefungwa kwenye leso, akazishika mbele kwa mikono miwili. Akasema hizi ni za wawili, na wawili wengine atawaleta.

Mzee hakunyoosha mkono.

"Nikikupa nusu ya mtoto," akasema, "nikupe upande upi?"

Yakobo akaingia na ombi la msimu mmoja. Alilisema vizuri, akamkumbusha mzee huruma ya Mungu, akamkumbusha jinsi Flora alivyo kipenzi cha kigango kizima. Ndaki alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza jambo ambalo hawakulijua. Mkewe, Shida, macho yake yamekufa yote mawili tangu Krismasi. Hapiki, hatoki, anakaa mlangoni siku nzima akitaja majina ya watu waliokufa, na jina analolitaja zaidi ni Nyanjige. Wavulana wake wote wamehama na mifugo kutafuta malisho. Alipofunga safari alimwambia mkewe kwamba atarudi na moja kati ya mawili, ng'ombe wa kumwozeshea kijana wao mdogo, ili aingie mkamwana nyumbani wa kumshika mkono, au mjukuu.

"Nimengoja misimu miwili, katekista, na sikutuma mtu. Semeni ninyi. Nirudi na kipi?"

Selestini akamwomba basi achukue hizo za wawili na mtoto pia, achukue vyote, ila akubali kwamba malipo yameanza. Mzee akakataa. Akasema akizipokea atakuwa amekula ng'ombe wa mtu na mtoto kamchukua, na jambo hilo likisikika Mkula hataweza kukaa na wenzake. Akamwambia afunge leso yake. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja Selestini, kwa sababu mtu mkali angeweza kushindana naye. Alimtazama Yakobo, akatazama juu kule alikozoea kutazama, akaona anga la asubuhi limekaa tu.

Mlango wa jikoni ukalia. Walipogeuka, Flora alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la shule mgongoni na kanga ya mama yake imefungwa furushi mkononi. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amelia na kunawa uso, na maji bado yalikuwa kidevuni.

"Babu," akauliza, "niende na daftari, au kule wanatoa mengine?"

Ndaki akasema aende nayo.

Stendi walikwenda kwa miguu, mzee mbele, mtoto katikati, Selestini nyuma na furushi. Yakobo alibaki njia panda, akainua mkono kama anayetaka kubariki, akaushusha. Njia nzima Flora alizungumza. Alimwambia babu yake kwamba yeye ni wa pili darasani, na kwamba wa kwanza ni mtoto wa mwalimu. Alimwuliza kama kutoka Mkula ziwa linaonekana. Alimwuliza bibi anapenda uji wa aina gani. Selestini alimsikiliza na kutambua kwamba mtoto anafanya kazi, kama alivyokuwa akifanya shambani, anasukuma maneno mbele yake ili asisimame.

Basi la Mkula lilikuwa linanguruma. Kondakta, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, alikuwa anawasukuma watu ndani na kuhesabu kwa sauti. Mzee alipanda. Flora akaweka mguu kwenye ngazi, na kondakta akamzuia kwa mkono.

"Huyu mtoto wa nani? Anayelipa nani?"

Mkono wa Selestini ulikuwa tayari mfukoni, kwenye leso. Alifungua mdomo.

"Wangu," mzee Ndaki akasema kutoka ndani. Akapitisha noti juu ya vichwa vya watu.

Kondakta akaipokea, akamwinua Flora kwa kwapa, akamwingiza. Kisha akachukua furushi kutoka kwa Selestini, akamwambia asogee nyuma kidogo, mlango ufungwe.

Flora alipata nafasi dirishani. Alihangaika na kioo mpaka kikashuka nusu, akatoa kichwa.

"Baba, kuku mweupe analalia nyuma ya ghala letu, chini ya magunia. Usimfukuze."

"Nimesikia, mayo, mama yangu."

"Usimwendee kila mara. Akikuona sana ataacha."

"Nimesikia."

Flora alitaka kusema jambo jingine, lakini basi lilirudi nyuma, likageuka, likaingia barabarani, na upande wa dirisha lake ukawa ule wa mbali.

Selestini alirudi Somanda kwa njia ya nyuma ili asipite kwa Mashaka. Nyumbani maji ya mzee yalikuwa bado kwenye bakuli, nusu. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala, akapiga magoti, akainua magunia. Kuku alitanua mbawa na kumpiga mdomo mkononi, mara moja, mara ya pili, mpaka damu ikatoka. Hakuondoa mkono. Akauingiza chini ya joto lile, akayapapasa mayai moja moja, akayahesabu. Akatoa mkono, akakaa kidogo.

Kisha akauingiza tena, akaanza upya kuhesabu.